Mifupa ya Uso na Kukutana kwa Meno: Historia ya Kipimo

Katika majumba ya sanaa ya Ulaya zimehifadhiwa picha nyingi za watu wa ukoo wa Habsburg, uliotawala Uhispania tangu mwaka 1516 mpaka mwaka 1700. Azitazamaye picha hizo kwa kufuata vizazi haachi kutambua jambo moja. Kaisari Charles wa Tano (1500–1558) ana kidevu kilichotangulia mbele ya uso wake, na midomo isiyofumba sawasawa. Mfalme wa mwisho wa ukoo huo katika Uhispania, Charles wa Pili (1661–1700), ana taya la chini lililozidi hata, kwa habari zilizoandikwa juu yake, kutafuna chakula kulimpa taabu. Mwaka 2019 wataalamu wa Uhispania walitoa habari za uchunguzi wao, ambao ndani yake madaktari 10 wa upasuaji wa uso walipewa picha 66 za watu 15 wa ukoo huo ili wazipime. Ilionekana kwamba kasoro ya taya la chini ilifuatana na ndoa za jamaa wa karibu: kadiri damu ilivyochanganyika ndani ya nyumba moja, ndivyo kasoro ilivyozidi.

Habari hiyo yafaa kuwa mlango wa kuingilia katika historia ya elimu ya kunyosha meno, iitwayo othodontia. Meno ya Charles wa Pili yangaliweza kupangwa mstari mmoja kama shanga uziní, na bado ya juu na ya chini yasingalikutana, kwa kuwa kasoro haikuwa katika meno bali katika mifupa iliyoyachukua. Jambo hilo ni dhahiri likiisha kusemwa. Walakini tabibu hutazama kwanza lililo mbele ya macho yake, na kinywani lililo mbele ya macho ni jino. Karne nyingi zilipita kabla mfupa haujaonekana. Nao ulipoonekana likazuka swali lingine, zito kuliko la kwanza: ni uso wa nani utakaofanywa kipimo cha nyuso za watu wote?

I. Kutoka kidole mpaka bamba

Katika maandishi ya Kiyunani yaliyokusanywa kwa jina la Hippocrates mna maelezo mafupi ya watu wenye vichwa virefu, ambao baadhi yao wana kaakaa iliyoinuka kama kuba na meno yaliyosongamana, nao husumbuliwa na maumivu ya kichwa na kutokwa na usaha masikioni. Maneno yenyewe ni machache, lakini mwandishi wake aliweka pamoja mambo matatu ambayo baadaye yalitenganishwa kwa muda mrefu: umbo la kichwa, umbo la kaakaa, na mpango wa meno.

Mrumi Celsus, aliyeandika kitabu cha tiba katika karne ya kwanza baada ya Kristo, alishughulika na jino peke yake. Mtoto akiota jino la ukubwani kabla la utotoni halijang'oka, alisema, la utotoni na ling'olewe, na lile jipya lisukumwe kwa kidole kila siku mpaka lifike mahali pake. Kidole hicho hakikupata mrithi wa maana mpaka karne ya 18. Mwaka 1728 Mfaransa Pierre Fauchard alichapisha mjini Paris kitabu chake *Le Chirurgien Dentiste*, na ndani yake alieleza bamba jembamba la madini lililopindwa kama upinde na kutobolewa matundu. Meno yaliyokwenda upande yalifungwa kwa nyuzi katika bamba hilo, yakavutwa kidogo kidogo. Vifaa vyote vya waya vilivyofuata ni uzao wa bamba lile.

Aliyeuliza habari za mfupa kwa utaratibu alikuwa mpasuaji John Hunter, Mskoti aliyefanya kazi London, ambaye kitabu chake juu ya maumbile ya meno ya binadamu kilitoka mwaka 1771. Hunter alilinganisha mataya ya watoto na ya watu wazima, akaona kwamba sehemu ya mbele ya taya, ile ichukuayo meno kumi ya kwanza, haiongezeki sana baada ya meno ya utotoni kwisha kuota. Taya hurefuka kwa upande wa nyuma, na huko ndiko magego ya ukubwani yapatako nafasi. Kwa hiyo nafasi ya meno si jambo la meno wenyewe kwa wenyewe. Hutegemea ukuaji wa mfupa, nao una kanuni zake na wakati wake.

II. Mstari wa Camper

Wakati Hunter akiyachunguza mataya, Mholanzi Petrus Camper (1722–1789) alikuwa akipima nyuso kwa kusudi jingine kabisa. Camper alikuwa mwalimu wa anatomia na tena mchoraji hodari. Aliona kwamba wachoraji wa Ulaya, walipotaka kuonyesha mtu wa Afrika, walichora sura ya Mzungu kisha wakaipaka rangi nyeusi. Naye alitaka kuwasahihisha. Alipiga mstari mmoja kutoka tundu la sikio mpaka chini ya pua, na mwingine ushukao kutoka kipaji cha uso mpaka mahali pa mbele zaidi pa taya la juu. Pembe iliyopatikana kati ya mistari hiyo ndiyo iliyokuja kujulikana kuwa pembe ya uso. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1791, Camper akiwa amekwisha kufa.

Katika michoro yake Camper alipanga nyuso kwa mfululizo wa pembe, akianza na nyani na kumalizia na sanamu za Kiyunani, na kati yake akaweka watu wa Afrika, wa Asia na wa Ulaya. Yeye mwenyewe alishikilia kwamba wanadamu wote ni wa asili moja. Lakini mchoro una nguvu ya kuwa ushahidi hata kwa jambo asilolikusudia mchoraji. Katika karne ya 19 wengi waliufanya mfululizo ule kuwa ngazi ya kuwapangia watu vyeo, na taya lililotokeza mbele likahesabiwa kuwa alama ya unyonge. Elimu ya kupima mafuvu ilistawi katika hali hiyo. Othodontia ya karne ya 20 ilirithi kutoka kwayo baadhi ya mistari yake, kama ule uitwao mstari wa Frankfurt, upitao ukingo wa juu wa tundu la sikio na ukingo wa chini wa shimo la jicho. Mstari wenyewe hauna hatia. Hutumika tu kukilaza kichwa sawasawa kabla ya kupimwa. Hata hivyo yafaa ikumbukwe kwamba vifaa vya kupimia uso havikuanza katika chumba cha mgonjwa.

III. Angle na gego la kwanza

Othodontia ilipata kuwa kazi inayojitegemea kwa juhudi za Mmarekani Edward Hartley Angle (1855–1930). Mwaka 1899 alitoa mpango wa kuyagawa meno yasiyokutana sawa katika mafungu matatu, na mpango huo ungali ukifundishwa hata leo. Msingi wake ni gego la kwanza la ukubwani. Katika fungu la kwanza magego ya juu na ya chini yamekutana inavyopasa, ila meno mengine yamepotoka. Katika fungu la pili gego la chini liko nyuma mno, na aghalabu meno ya mbele ya juu hutokeza. Katika fungu la tatu gego la chini limetangulia mbele mno, na kidevu pamoja nalo. Fungu hilo ndilo la ukoo wa Habsburg. Mwaka 1900 Angle alianzisha shule yake mjini St. Louis, na mwaka uliofuata chama cha wataalamu wa kazi hiyo kikaundwa.

Uzuri wa mpango wa Angle ni wepesi wake: mtu aweza kufungua kinywa cha mgonjwa na kujua fungu lake kwa dakika moja. Upungufu wake umo katika wepesi huo huo. Watoto wawili waweza kuwa wa fungu la pili, mmoja kwa sababu taya lake la juu limezidi, na wa pili kwa sababu taya lake la chini limepunguka. Magego yao husema neno moja, hali mifupa yao ina hadithi mbili, na dawa ya mmoja si dawa ya mwenzake.

Angle alikuwa na itikadi nyingine iliyoleta ugomvi mkubwa. Aliamini kwamba kila mtu ameumbiwa meno yote yamtoshayo, na kwamba meno yakipangwa mahali pake, mfupa utakua kuyafuata. Alitegemea maarifa ya Mjerumani Julius Wolff, ambaye mwaka 1892 alieleza jinsi mfupa ubadilivyo umbo lake kufuata nguvu inayouelemea. Kung'oa jino zima ili kuyapa mengine nafasi kulikuwa, machoni pake, kuharibu maumbile. Naye alitafuta mfano wa uso mkamilifu, akauona katika sanamu ya kale ya Apollo iliyoko Vatikani. Rafiki yake Edmund Wuerpel, aliyekuwa mwalimu wa sanaa, alimwonya kwamba hapana uso mmoja uwezao kuwa kanuni ya nyuso zote, kwa kuwa watu wamechanganyika na hutofautiana. Onyo hilo lilitoka kwa mchoraji, wala si kwa tabibu, na wataalamu wa meno walichukua miaka mingi kulifikia kwa njia yao wenyewe.

IV. Ugomvi wa kung'oa

Mwaka 1911, katika mkutano wa chama cha madaktari wa meno wa Marekani, Calvin Case alisimama kupinga mafundisho ya Angle. Case hakusema kwamba kila kinywa king'olewe meno. Alisema kwamba wako watu ambao mifupa yao haitoshi meno yao, na kwamba kuyalazimisha yote kukaa ni kuyasukuma mbele na kuharibu uso. Martin Dewey alijibu kwa upande wa Angle kwa maneno makali. Wafuasi wa Angle walishinda siku zile, na kwa muda wa kizazi kizima kung'oa kukawa jambo la aibu.

Aliyeugeuza mwendo alikuwa mwanafunzi wa Angle mwenyewe, Charles Tweed wa Arizona. Tweed alifuata mafundisho ya mwalimu wake kwa uaminifu, kisha baada ya miaka michache akawatazama upya wagonjwa aliowamaliza. Aliona kwamba wengi walikuwa na midomo iliyosukumwa mbele, na meno yaliyoanza kurudi yalikotoka. Aliwarudia, akang'oa magego madogo manne kwa kila mmoja, akawatibu tena pasipo kudai malipo. Mwaka 1940 aliwaonyesha wenzake kumbukumbu za wagonjwa 100, hali ya kwanza na hali ya pili zikiwa pamoja. Ni nadra katika historia ya tiba kwa mtu kuleta makosa yake mwenyewe mbele ya watu kuwa ushahidi, na kwa hiyo ushahidi wake ulikuwa na nguvu.

Mwanafunzi mwingine wa Angle, Raymond Begg wa Australia, alifika mahali hapo kwa njia nyingine. Alichunguza mafuvu ya wenyeji wa kale wa nchi yake, akaona kwamba chakula kigumu kiliyalika meno yao si juu tu bali hata ubavuni, pale jino lipakanapo na jino. Mwaka 1954 aliandika kwamba meno yaliyolika hivyo huhitaji nafasi ndogo. Alaye chakula laini hubaki na meno mapana, na kung'oa hutimiza kazi ambayo zamani ilifanywa na chakula. Waliomfuata wamelipinga hesabu lake katika mambo kadhaa, lakini swali lake juu ya chakula lilibaki, nalo litarudi hapa chini.

V. Mfupa waonekana

Hoja za Case na Dewey zote mbili zilikuwa na upungufu mmoja: hapakuwa na mtu aliyeweza kuuona mfupa wa mgonjwa aliye hai. Wilhelm Röntgen aligundua eksirei mwaka 1895, lakini picha zilizopigwa leo na mwakani hazikuweza kulinganishwa, kwa sababu kichwa hakikukaa mahali pamoja. Mwaka 1931 B. Holly Broadbent wa Cleveland, naye aliyekuwa amesoma kwa Angle, alitangaza kifaa cha kukishika kichwa kwa vijiti viwili viingiavyo masikioni, ili mtoto apigwe picha kila mwaka katika hali ile ile. Kifaa hicho kilitokana na kile alichokitumia mwanaanatomia T. Wingate Todd kuyashika mafuvu makavu. Mwaka huo huo Mjerumani Hofrath alitoa njia iliyofanana nayo. Kwa kifaa chake Broadbent aliwafuata maelfu ya watoto, na ukuaji wa uso ukaonekana kwa mara ya kwanza ndani ya mtu yule yule, mwaka baada ya mwaka.

Baada ya picha vikafuata vipimo. Mwaka 1948 William Downs alitoa mpango wa pembe na mistari ya kuutambua uso wenye meno yaliyokutana vizuri. Mwaka 1953 Cecil Steiner wa California aliurahisisha uchunguzi huo ukaweza kutumiwa na daktari yeyote. Huchukuliwa mahali katikati ya sakafu ya fuvu, na mzizi wa pua; kisha hupimwa pembe kutoka hapo mpaka taya la juu, na nyingine mpaka taya la chini. Steiner alikadiria digrii 82 kwa taya la juu na digrii 80 kwa la chini. Tofauti ya digrii 2 ilimaanisha kwamba mataya yamepatana. Ikizidi sana, mgonjwa ana fungu la pili la mfupa. Ikipita kinyume, ana fungu la tatu la mfupa.

Faida ilikuwa kubwa. Iligunduliwa kwamba meno mara nyingi huficha kasoro ya mifupa. Taya la chini likipunguka, meno yake huinama mbele kuyafuata ya juu. Likizidi, huinama nyuma, na mtazamaji asiye na picha hudhani kosa ni dogo. Ilijulikana pia kwamba taya la chini huendelea kukua baada ya lile la juu kupunguza mwendo, hata mtoto aliyetibiwa vizuri akiwa na miaka 11 aweza kurudi kijana mwenye kidevu kilichompita. Hapo ndipo mpaka wa waya ulipotambulikana. Simon Hullihen alikuwa amekata taya la chini la mwanamke aliyeungua moto tangu mwaka 1849, lakini ni mpaka miaka ya 1950, kwa kazi ya Hugo Obwegeser mjini Zürich, upasuaji wa mataya ulipokuwa njia ya kutegemewa kwa wale ambao mifupa yao imekwisha kukua vibaya.

VI. Ni uso wa nani?

Lakini vipimo hivyo vilitoka wapi? Downs alikuwa amechukua vijana 20, wa kiume na wa kike, wenye umri wa miaka 12 mpaka 17, wote Wazungu wa Marekani. Idadi hiyo yatosha kuanzisha uchunguzi, na Downs hakuficha. Ila kipimo kikiisha kuchapishwa husafiri peke yake, bila watu waliokizaa. Daktari aliyempima kijana mweusi wa Chicago au London kwa pembe zile alimwona kuwa na meno yaliyoinama mbele kupita kiasi, na mkononi alikuwa na koleo. Hapo ndipo mfululizo wa Camper ulipotishia kurudi: kile kilichokuwa ngazi ya vyeo chaweza kugeuka orodha ya magonjwa, na meno mazima yakang'olewa kinywani mwa mtu asiyeumwa kitu.

Jawabu halikukawia. Mwaka 1951 Cotton, Takano na Wong walitumia vipimo vya Downs kwa Wamarekani wenye asili ya Afrika, ya Japani na ya China, wote wakiwa na meno yaliyokutana vizuri, wakaona kwamba wastani wa kila kundi ulikuwa wa namna yake. Kwa watu wenye asili ya Afrika uso ulitokeza zaidi na meno ya mbele yaliinama zaidi, na hayo yote pamoja na kutafuna kuzuri na afya timamu. Katika Afrika ya Mashariki kazi hiyo ilichelewa: mwaka 1989 Kapila alitoa vipimo vya watoto wa Kikuyu, navyo havikuwa vile vya vitabu vya Marekani, na mwaka 1991 Kerosuo na wenzake walilinganisha kukutana kwa meno ya watoto wa shule wa Tanzania na wa Ufini.

Lugha ya Kiswahili yenyewe ina shauri la kutoa katika neno hili. Nafasi kati ya meno mawili ya mbele ya juu, ambayo vitabu vya othodontia huiandika katika orodha ya mambo ya kurekebishwa, huitwa *mwanya*, na katika mwambao huhesabiwa kuwa pambo la uso. Wasemaji wa lugha hii wanalo jina la nafasi hiyo, nalo si jina la ugonjwa.

VII. Chakula, meno na sauti

Swali la Begg juu ya chakula liliendelea katika mikono ya wanaanthropolojia. Robert Corruccini, katika miaka ya 1980, alikusanya habari za jamii nyingi, akaonyesha kwamba meno yasiyokutana sawa huongezeka upesi jamii iachapo chakula kigumu na kushika kilicholainishwa, mara nyingine katika kizazi kimoja au viwili. Mwendo huo ni wa haraka mno kwa urithi wa damu peke yake. Yaonekana taya lisilofanyishwa kazi utotoni halikui kwa kadiri ya meno yake. Ukoo wa Habsburg waonyesha nguvu ya urithi. Watoto wa Corruccini waonyesha nguvu ya chakula. Na uso wa kila mtu hutokana na vyote viwili.

Kwa wanafunzi wa lugha jambo hili lina tawi la pekee. Meno yaliyolika kwa chakula kigumu hukutana ncha kwa ncha, wala ya juu hayapiti mbele ya yale ya chini. Mwaka 1985 mwanaisimu Charles Hockett aliandika makala aliyoiita "F", akisema kwamba sauti za mdomo na meno, yaani f na v, ni ngumu zaidi kwa kinywa cha namna hiyo, na kwamba huenda zilienea baada ya kilimo. Mwanaanthropolojia C. Loring Brace alimpinga juu ya wakati wa mabadiliko hayo. Mwaka 2019 Blasi na wenzake waliirudia hoja ya Hockett kwa hesabu za mwendo wa misuli na kwa kulinganisha lugha nyingi, wakaiunga mkono.

Kiswahili chafundisha tahadhari hapa. F na v za Kibantu ndani yake nyingi zilizaliwa na sauti nyingine zilizotangulia vokali za juu sana. Neno *mfupa* lenyewe lina f iliyotokana na k, kama lionyeshavyo neno la Kilingala *mokuwa*, lililoihifadhi k hiyo. Kiambishi *vi-* cha vitu nacho kilianza kwa b. Sababu ya mabadiliko hayo ni vokali iliyofuata, na kanuni yake yaweza kuandikwa pasipo kutaja meno. Pengine meno ya juu yaliyopita mbele yaliirahisisha njia. Lakini kurahisisha njia si kumlazimisha mtu kuipita, na hapana mtu ambaye mfupa wake wamzuia kujifunza lugha yoyote.

Historia hii, basi, imepita hatua mbili. Kwanza tabibu alijifunza kuutafuta mfupa nyuma ya jino. Kisha akajifunza kwamba mfupa wenyewe husomwa kwa kipimo cha watu wake, na hata ndani ya watu wake kila mmoja ana mpango wake. Charles wa Pili alihitaji msaada kwa sababu hakuweza kutafuna. Kijana wa Dar es Salaam au Nairobi ambaye meno yake yatafuna vizuri, yatamka vizuri, na yameinama mbele kama ya baba yake, hawi mgonjwa kwa kuwa pembe yake haimo katika jedwali la vijana 20 wa mwaka 1948.